Namna ya Kuosha Mdomo wa Klarineti Katika Nchi ya Chai

Nimestaafu mapema, nikiwa bado na meno yangu yote ya mbele, na kwa mtu aliyekula mkate kwa kupuliza klarineti hayo ni mafanikio makubwa kuliko cheo. Vyeo vyenyewe nitavipita. Nilipandishwa siku nilizopandishwa, siku nyingine akapandishwa mwingine, na vyombo vya stoo havikuona tofauti. Nyinyi walimu wachanga wa muziki wa Kericho na Bomet mmeniomba mara nyingi niwaachie mwongozo wa kutunza vyombo vya kupuliza. Nimekaa mezani nikaanza kuuandika kwa nia njema kabisa, lakini kila nikifika kwenye neno "osha" namkumbuka mtu. Kwa hiyo vumilieni. Mwongozo umo humu ndani, ila umekaa katikati ya watu.

Nilifika shuleni na digrii mpya na sketi mpya. Ilikuwa shule ya wasichana ya bweni, kando ya barabara ya Sotik, chai imeizunguka mpaka kwenye ua. Mkuu wa shule aliniangalia, akaangalia barua yangu, akanipa funguo. "Wewe ndiye Madam wa muziki? Basi stoo ile ni yako. Kuna kitu kinanuka."

Humo nilikuta ngoma zilizochoka, saksafoni moja isiyo na shingo, na klarineti kadhaa ndani ya masanduku yao. Nikafungua la kwanza na kuchomoa mdomo. Nikisema mdomo nina maana ya kile kipande cheusi cha juu, kilichochongoka kama mdomo wa bata, ambacho mpigaji hukiweka kinywani. Juu yake hufungwa ridi, ule ubapa mwembamba wa tete unaotetemeka na kutoa sauti. Nikachungulia ndani. Nilidhani naona kitambaa ambacho kiwanda kimekibandika humo kwa sababu za kisayansi. Ilikuwa chai ya maziwa ya miaka mingi, imeganda tabaka juu ya tabaka, pamoja na kitu ambacho zamani kilikuwa mandazi.

Chuo kikuu walitufundisha mengi kuhusu klarineti. Niliweza kusimama mbele ya watu na kueleza historia ya vitufe vyake. Hakuna mhadhiri aliyewahi kututajia kwamba ina upande wa ndani.

Mkuu wa shule ndiye aliyeniambia kuhusu Mzee Okumu. Alikuwa karani wa kiwanda cha chai, amekuja kutoka upande wa ziwa akiwa kijana, na kwa miaka mingi aliongoza bendi ya wafanyakazi. Alikuja Jumamosi amevaa koti la suti na gambuti, akasimama mlangoni mwa stoo, akavuta pumzi.

"Nani amekufa humu?"

"Bado hatujajua, Mzee. Tumefungua sanduku moja tu."

Akacheka, akavua koti, na tukaanza. Aliyonifundisha siku ile ndiyo mtakayoyafanya hata nyinyi. Toa ridi kwanza, iwekwe mahali pakavu juu ya kitu bapa, si ndani ya kikombe. Osha mdomo kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo. Tumia mswaki laini wa mtoto, tena mswaki huo usirudi tena kwa mtoto. Usitumie dawa ya meno, kwa kuwa ina mchanga mchanga unaokwaruza. Stilwulu iacheni jikoni na masufuria yake. Suuza, kung'uta, pitisha kitambaa laini kilichofungwa uzi. Ukiona ukoko mweupe kwenye ncha, huo ni chumvi ya mate: lowesha ncha peke yake ndani ya siki iliyochanganywa na maji, halafu ufute taratibu.

Msimfanye Mzee Okumu malaika, hata hivyo. Aliamini pombe kali huua kila kitu, akakausha koki, yale magome laini yanayobana maungio, za klarineti mbili kabla sijamnyang'anya chupa, ambayo tayari ilikuwa imepungua kwa namna ambayo koki peke yake haziwezi kuieleza. Na mpaka leo anashikilia kwamba mtu aliyekula kabeji hawezi kupiga noti za juu. Tumebishana juu ya kabeji kwa muda mrefu kuliko ndoa nyingi zinavyodumu.

Adui yetu mkubwa alikuwa chai. Mazoezi yalifuata mapumziko ya saa nne, na wasichana walikuja wamejaa chai yenye maziwa na sukari, wakaipuliza yote ndani ya vyombo.

"Nyinyi watu wa maziwa," Okumu aliniambia siku moja akitega sikio. "Sikia huyo. Hapo hapigi noti, anapiga chai."

"Na nyinyi watu wa samaki? Saksafoni yako nimeitoa mifupa."

Nilijaribu kupiga marufuku chai kabla ya mazoezi. Jaribuni na nyinyi, mkitaka kujua upweke. Baba zao wanachuma chai, mama zao wanauza chai, mchango wa basi la shule umetoka kwenye chai, halafu Madam aliyetoka Kedowa kwenye viazi anasema chai ni uchafu. Mkuu wa shule aliniita ofisini, akanimiminia kikombe, akaniangalia nikinywa. Tukapatana hivi: chai inywewe, lakini kila mpigaji asukutue kinywa kwa maji kabla hajagusa chombo. Basi kila siku wasichana walijipanga bombani, wakasukutua na kutema kwa pamoja. Mgeni mmoja aliyekuja kukagua shule alinivuta kando akaniuliza kwa heshima hilo lilikuwa dhehebu gani.

Kesi zilikuwa za kila aina. Nilimpata msichana aliyetumia mdomo wa saksafoni kuwaita kuku wa nyumba ya walimu, nao wakawa wanaitika. Nilimpata mwingine aliyehifadhi mdomo ndani ya avokado lililokatwa, kwa kuwa alisikia koki inahitaji mafuta. Koki inahitaji mafuta kweli, lakini kidogo sana, na yasiyokuwa na mbegu. Wale walioung'ata mdomo kwa meno mpaka ukachimbika, niliwabandikia juu kipande cha tyubu ya baiskeli, na hicho ni kitu kimoja ambacho mimi na Okumu tulikubaliana bila kugombana.

Sasa nifike kwa Chepng'eno, maana yeye ndiye hasa ninayemkumbuka ninapoandika "osha".

Faith Chepng'eno alitoka Chebunyo, kwa bibi yake aliyemlea tangu utotoni. Sisi Wakipsigis bibi tunamwita kogo. Alikuwa msichana mtaratibu, mrefu, mwenye pumzi kama ya mtu aliyezaliwa kwenye mlima. Alikuwa kidato cha nne na alitaka kitu kimoja, kusomea ualimu wa muziki. Njia yake ilipitia mtihani wa vitendo: mtahini angekuja shuleni, angekaa darasani, naye angepiga. Mtahini harudi mara ya pili. Na katika klarineti zetu zote, ni mdomo mmoja tu uliokuwa unafaa kusikizwa na mtu anayelipwa kusikiliza. Ulikuwa wa raba ngumu, wa zamani, mtamu. Ule mwingine wa plastiki ulikuwa umemeguka ncha na ulilia kama nguruwe mdogo anayeshikwa.

Mapumziko ya nusu muhula yalipofika, mtihani ukiwa wiki iliyofuata, nilimruhusu aende na mdomo huo nyumbani. Mpigaji anaweza kufanya mazoezi ya pumzi kwa mdomo na ridi peke yake, bila klarineti. Sauti inayotoka si muziki. Ni kama bata mwenye malalamiko. Lakini inajenga misuli ya kinywa.

Jumatatu alirudi, akaja moja kwa moja stoo kabla hata hajapeleka sanduku lake bwenini.

"Madam, usikasirike."

"Umeangusha?"

"Hapana. Ni Kogo. Ameosha."

Akafungua kitambaa. Mdomo niliompa ulikuwa mweusi unaong'aa. Huu ulikuwa wa rangi ya kahawia iliyoingiwa na ukijani, kama kinyesi cha ndama mgonjwa, na ulinuka moshi. Sitawadanganya, kwa muda mfupi nilitamani ningekuwa mwalimu wa jiografia.

Yaliyotokea aliyasimulia Kogo mwenyewe, kwa sababu kesho yake asubuhi alifika shuleni. Msichana alilia nyumbani usiku wa Jumapili, na mwanamke yule hakuweza kukaa. Alikuja na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha, amekibeba kifuani kama mtoto. Tulikuwa stoo, mimi, Chepng'eno, na Mzee Okumu, ambaye nilimpigia simu akaja kutoka Sotik na pikipiki. Kogo alikataa kiti.

"Mimi nitasema nikisimama," alisema. "Nimekosea mtoto."

"Hujakosea, Kogo. Tuambie tu ulifanya nini."

"Huyu mtoto anaweka hii kitu kwa mdomo, na inanuka. Mimi nikauliza, shuleni hawaoshi? Akiwa ameenda kwa ng'ombe, nikachukua, nikaweka maji moto."

"Moto namna gani?"

"Ya kuchemka. Maji gani ingine inaosha maziwa?" Akaniangalia kama mtu anayeanza kuelewa kwa nini shuleni kunanuka. "Sasa nikiweka maji moto, inanuka zaidi. Inanuka kama yai mbaya. Nikasema, ee, uchafu inatoka. Nikaongeza maji. Ikanuka zaidi! Nikaongeza tena."

Okumu aligeuka ukutani, mabega yakimtikisika.

Mnaelewa, lakini nieleze kwa wale ambao bado. Raba ngumu hutengenezwa na salfa. Ikikutana na maji ya kuchemka, salfa hutoka, na salfa hunuka yai viza. Kwa hiyo kadiri Kogo alivyoosha ndivyo kitu kilivyonuka, na kadiri kilivyonuka ndivyo alivyoosha. Mwishowe alifanya ambacho mama yeyote wa Chebunyo angefanya kwa chombo kinachokataa kutakata. Alichukua sosiot, ule ufagio mdogo wa mti tunaosafishia vibuyu, akakisugua ndani na nje. Kisha akachoma kijiti cha mti wa senetwet, akalisaga kaa lake, akakipaka kaa chombo chote na kukisugua tena, kama unavyopaka kibuyu kabla ya kutia maziwa.

"Na kaa ndiyo ilimaliza harufu," alisema, kwa fahari kidogo aliyoshindwa kuificha. Halafu akamwona mjukuu wake na fahari ikamtoka. "Madam, kitu imekufa?"

Nililowesha ridi, nikaifunga, nikafanya jaribio ambalo nanyi mtalifanya maisha yenu yote. Ziba tundu la chini kwa kiganja, vuta hewa yote kupitia juu, ondoa kinywa. Ridi ikiwa imekaa sawasawa, inashikilia kidogo, halafu inaachia kwa mlio mdogo: po! Nilivuta. Hakukuwa na mlio. Hewa ilipita kando kama mbuzi kwenye ua mbovu. Uso wa chini wa mdomo, pale ridi inapolala, ulikuwa umepinda kwa joto na kukwaruzwa na kaa.

"Izike," Okumu alisema kwa sauti ya chini. "Chukua ile ya plastiki, nyathina, mwanangu. Mtoto ajaribu bahati."

"Plastiki inalia kama nguruwe, Mzee."

"Nguruwe aliye hai."

Chepng'eno alikuwa anakunja na kukunjua kile kitambaa. Mtahini alikuwa anakuja kesho yake.

Niliwahi kusoma, chuoni, katika kitabu nilichokichukua maktaba kwa makosa, kwamba uso wa mdomo unaweza kunyooshwa kwa msasa laini juu ya kioo. Kioo, kwa sababu hakuna mbao wala meza iliyonyooka kama kioo. Sikuwa nimewahi kufanya. Nilimweleza Okumu, naye akakuna kidevu, akaanza kupendezwa licha ya nafsi yake. Msasa ulipatikana: fundi wa kupaka magari rangi pale Sotik anao ule mweusi wa kutumia na maji, laini kama shavu, na mwenye pikipiki akatumwa. Kioo ndicho kilitusumbua. Vya madirishani vilikuwa na mawimbi. Mwishowe Okumu akasema fremu zile za ofisini zina kioo kizuri. Basi nikaenda kwa naibu wa mkuu wa shule nikamwomba maono na dhamira ya shule yaliyotundikwa ukutani.

"Uyapeleke wapi?"

"Nataka kioo tu. Maono yatabaki."

Tulilaza kioo mezani, msasa juu yake, maji kidogo juu ya msasa. Okumu mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka miaka hiyo, kwa hiyo kazi ilikuwa yangu na macho yakawa yake. Nilivuta mdomo kuelekea kwangu, taratibu, bila kukandamiza, bila kurudisha nyuma. Nikaufuta, nikatazama. Nikavuta tena. Hatari ilikuwa kwenye ncha: ukigusa ncha, umetengeneza filimbi ya kuku.

Kogo alisogea akaangalia unga mweusi unavyoenea kwenye maji.

"Mimi nimeambiwa nimeharibu kwa kusugua," alisema. "Sasa huyu anafanya nini?"

"Anasugua, mama," Okumu alisema. "Lakini yeye ana digrii."

Hata Chepng'eno alicheka, kwa mara ya kwanza tangu arudi, na mkono wangu ukapata nafuu. Tulijaribu, tukavuta, tukajaribu. Okumu alikuwa akisema "bado", "bado", "usilale hapo upande wa kushoto", "bado". Kisha nikaziba tundu, nikavuta hewa, nikaondoa kinywa, na ridi ikasema po. Ilikuwa po ndogo, ya aibu. Nikampa Chepng'eno afunge kwenye klarineti. Noti ya chini ikatoka, nzito, safi. Ya juu ikapasuka. Akairudia, ikasimama kidogo, ikapasuka tena.

"Itatosha?" akaniuliza.

Ningependa kuwaambia nilimjibu kwa hekima. Nilisema, "Sijui. Usile kabeji."

Kogo hakurudi Chebunyo siku ile. Mpishi wa shule alimpa kitanda, na asubuhi tulikaa naye kwenye benchi nje ya darasa la muziki, mimi upande mmoja, Okumu upande mwingine. Mtahini alikuwa mwanamume mkavu mwenye miwani, aliyesalimia kila mtu bila kumtazama yeyote. Mlango ukafungwa. Tulisikia Chepng'eno anajitambulisha. Tulisikia mizani, ile ngazi ya noti, inapanda na kushuka vizuri. Kisha kipande chenyewe. Kilianza chini, polepole, na nikaanza kupumua. Kikapanda. Na pale pale nilipojua kitapasuka, kikapasuka, kwa mlio ulioenda mpaka jikoni.

Muziki ukakatika.

Kogo alinishika mkono kwa nguvu ya mtu aliyekamua ng'ombe maisha yake yote. "Amemaliza?"

"Ngoja, Kogo."

Ndani sauti ya Chepng'eno ilisikika, ya adabu, bila kutetemeka. "Naomba nirekebishe ridi, bwana." Hatukusikia jibu. Tulisikia pete ya kubana ridi ikilegezwa. Nilijua anachofanya kama vile nipo: anatoa ridi, anafuta uso wa mdomo kwa kitambaa, anailaza ridi upya, ncha kwa ncha, anaibana bila haraka. Mambo yale niliyowapigia kelele wasichana mpaka wakaniiga mabwenini. Kisha akavuta pumzi, tuliisikia hata hiyo, na akaanza kipande tangu mwanzo.

Kilipofika juu hakikupasuka. Kilipita, chembamba kidogo, kama mtu anayevuka daraja la gogo akiwa na mzigo kichwani, kikashuka upande wa pili na kutembea mpaka mwisho. Okumu alivua kofia. Kogo aliendelea kunishika mkono hata baada ya kuisha, na ilibidi nimkumbushe kwamba ni wangu.

Matokeo yalitoka mwaka uliofuata na yalimfikisha alikotaka kwenda. Hayo mtu anaweza kuyasoma kwenye karatasi.

Siku ile, mtahini alipoenda zake, Chepng'eno alitoka nje na klarineti. Kila chombo kikishapigwa huoshwa, hata siku ya furaha, na hasa siku ya furaha. Nilinyoosha mkono nipokee mdomo. Msichana akanipita. Akauchomoa, akatoa ridi, akauweka kwenye kiganja cha bibi yake.

"Kogo, osha."

Mwanamke yule aliutazama kama aliyepewa kaa la moto. "Mimi? Hapana. Madam aoshe."

"Wewe," msichana alisema. "Ulinifundisha kuosha kibuyu. Sasa mimi nakufundisha hii."

Nilileta beseni, jagi la maji baridi na thermosi, na nikajilazimisha kukaa kimya, jambo ambalo wenzangu wa kazi watawaambia si kawaida yangu. Kogo alimimina maji ya moto, akaongeza ya baridi. Akakunja mkono wa sweta, akachovya kiwiko chake ndani, akatikisa kichwa. Akaongeza baridi. Akachovya tena, akatulia.

"Hii ni maji ya kuoga mtoto," alisema.

"Hiyo hiyo, Kogo."

Akauosha kwa vidole viwili, polepole, bila ufagio, huku mjukuu wake akimwonyesha wapi pa kugusa na wapi pa kuacha. Akausuuza, akaukung'uta, akaufuta. Kisha akauinua mpaka kwenye jicho lake, akachungulia kupitia tundu kama anayekagua kibuyu, kwanza juu mawinguni, kisha chini kwenye majani ya chai, mpaka alipompata Chepng'eno upande wa pili.

"Iko safi," akasema. "Nakuona."